Vigae na Makelele

Sahani ya mke wangu ilivunjika Jumapili.
Nikamzuia asitupe. Vigae nikavifunga gazetini
nikavipeleka shuleni, mtaa wa Mapendo,
darasa la tano, ambalo ukuta wake ni lava
iliyopoa kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa.

Safu za dirishani nikaziita Athene.
Safu za mlangoni, Sparta.
Walicheka. Kisha wakaanza kulindana mipaka kwa rula.

Sparta, nikasema, haiandiki kura.
Mgombea hupita kimya mbele ya watu,
watu humpigia kelele,
na waamuzi, waliofungiwa chumbani wasione kitu,
husikiliza tu kelele zipi zimezidi.
Bauma akapita.
Mabati yakatetemeka.
Mkuu wa shule akaja mbio, kiatu kimoja mkononi,
akidhani mlima umeamka.

Nikachora mstari katikati ya ubao.
Huku pesa za chuma, nzito, hazinunui kitu ugenini;
mji usio na ukuta, maana ukuta ni wanaume wenyewe;
wafalme wawili, kila mmoja akimchungulia mwenzake.
Huku maneno, maneno, asubuhi hadi jua kali,
fundi viatu akimjibu tajiri mbele ya halaiki.

Nikasema: Sparta, mtoto wa kiume akifika miaka saba
huchukuliwa kwa mama yake, akafundishwe njaa na mkuki.

Hakuna aliyeandika.
Wote walitazama deski la tatu, la Muhindo,
ambalo halikaliwi tangu mavuno ya maharagwe.
Chaki ilinivunjikia mkononi.
Nikafuta "saba", nikaiandika upya mahali palepale.

Kahindo akainua mkono, kama kawaida yake.
"Na mimi, mwalimu, ningekuwa wapi?"
Athene ungekuwa ndani, unafuma,
na jina lako lisitajwe barazani.
Sparta ungekimbia mbio uwanjani, ungemiliki shamba,
ila tumbo lako lingedaiwa askari.
Akafikiri, kalamu kwenye meno.
"Basi nikatieni shamba la kule na ulimi wa huku."
"Haviuzwi rejareja," nikamwambia,
na papo hapo nikajuta kuchekesha watu.

Tukafika kwenye fedha.
Fedha yenyewe, ile nyeupe, iliyowalipa wapiga makasia
na kuwanunulia Waathene nafasi ya kuongea:
ilitoka ardhini, ikichimbwa na watumwa.
Ndipo Bauma, yule wa sauti ya kutikisa bati,
akauliza polepole, karibu nisimsikie:
"Shimo lilikwenda chini kiasi gani?"

Nikafungua kitabu. Kitabu kinasema mji ulistawi.
Nikageuza ukurasa. Kuna picha ya nguzo.
"Sijui," nikasema, na kengele ya mapumziko ikaniokoa.

Waliporudi niliwagawia vigae wote, Athene na Sparta.
Kigae, nikaeleza, hakimchagui mtu. Kinamfukuza:
andika jina la yule mnayetaka aondoke
miaka kumi, bila kosa, bila mashtaka.
Ni mchezo tu, nikasema.

Kumi na moja viliandikwa Kahindo.
Kimoja kikaongeza: tumechoka kumsikia akijua.
Alivihesabu mwenyewe, akapata idadi kama yangu,
akabeba daftari, akaketi nje juu ya mawe meusi,
na kupitia dirishani akauliza
kama miaka kumi inaanza leo au Jumatatu.

Nilimwita arudi. Alikataa.
"Sheria ni sheria," akasema, akaendelea na hesabu zake.

Chini kabisa ya lundo, kwenye kipande chenye ua la bluu,
palikuwa na mwandiko mkubwa usio na jina la mtu:

*Nimempigia baba, yuko Rubaya.
Lao ni mita thelathini na mbili.
Mwalimu, andika ubaoni.*

Nikatafuta upande wa kuiandika.
Nikaiandika juu ya mstari.